Maziwa Yasiyokwisha

Ofisini walimwita Kachero, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimaliza akiingia kwenye nyumba za watu. Kama kuna somo alilolipata humo, ni hili: mtu akikukaribisha kwa tabasamu pana sana, chungulia nyuma ya mlango. Maafisa wenzake wa ustawi wa jamii, vijana wenye vyeti vyao, walikuwa wakiuliza maswali. Kachero alikuwa akinusa. Alinusa chupa za watoto, alinusa mashuka, alifungua makabati ya watu kama yake, na tusimnyime haki yake, mara nyingi alikikuta alichokuwa akikitafuta.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo, muuguzi wa kliniki ya watoto alimvuta kando, nyuma ya mizani, akamfungulia kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri kwa miezi minne. Mwezi wa tano ulikuwa umelala chali.

"Mtoto huyu hali," muuguzi alisema.

"Hali vipi? Kila wiki nampelekea kopo la maziwa. Nalibeba kwa mkono wangu."

"Basi ukishaliweka chini, kuna mkono mwingine unalibeba."

Hayo ndiyo maneno ambayo Kachero alizaliwa ayasikie. Alifunga mkoba wake taratibu, na tayari kichwani alikuwa ameshaanza kuwapanga watuhumiwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa Kibonge. Alizaliwa na kilo nne na robo, mkunga akacheka akasema huyu ni kibonge kweli, na jina likaganda. Hata baba na mama yake wakawa wanaitwa kwa jina hilohilo. Sasa Kibonge alikuwa na miezi mitano na shingo nyembamba, na majirani walikuwa wameanza kulitamka jina lake kwa sauti ya chini, kama watu wanaoona aibu kwa niaba ya mtu mwingine.

Mama Kibonge na Baba Kibonge wote wawili walikuwa na ulemavu wa akili. Faili lilisema hivyo. Mtaani walisema maneno mengine ambayo hayafai kurudiwa hapa. Mama Kibonge alijua kuandika jina lake akaishia hapo. Baba Kibonge alifanya kazi kwa dobi mkubwa aliyefua mashuka ya hoteli, na kazi yake ilikuwa moja tu, kukunja, naye aliifanya vizuri kuliko hao wenye akili timamu waliomcheka. Mimba ilipoonekana, ndugu walikaa kikao mara tatu, kila mmoja akiwa na maoni na hakuna hata mmoja mwenye nafasi nyumbani kwake. Mwishowe ofisi ya ustawi ikaamua kwamba watalea wenyewe, kwa msaada. Msaada wenyewe ulikuwa Kachero, kila Jumanne saa nne, yeye na daftari lake.

Ni kazi yenye mikono miwili, hiyo. Mmoja unasaidia, mwingine unaandika, na mwenye nyumba hajui leo atanyooshewa upi. Kwa mkono wa kusaidia, Kachero alikuwa amewachorea kadi kumi na moja: kuosha chupa, kuchemsha maji, kubadili nepi, kumlaza mtoto. Alizichora mwenyewe kwa kalamu za rangi, akazifunika kwa plastiki, akazibandika ukutani kwao. Kadi ya maziwa ndiyo aliyojivunia zaidi. Ilikuwa na chupa yenye mstari mwekundu, maji mpaka kwenye mstari, halafu vijiko vitatu vya unga vimejipanga, na pembeni majua matano kwa milo mitano ya siku. Mkuu wa ofisi alizipiga picha kadi hizo akazionyesha kwenye semina, watu wakapiga makofi. Agizo lililoambatana nazo lilikuwa fupi: fuata picha, usibadilishe chochote.

Mkuu huyohuyo alipoletewa habari ya uzito hakupoteza muda.

"Ijumaa tunakaa," alimwambia Kachero. "Mpaka hapo uniletee sababu. Ukikosa, mtoto anaondoka Ijumaa hiyohiyo, anakwenda kwa familia ya kulea. Sitasubiri mtoto azidiwe ndiyo nipate uhakika."

"Sababu ni ndogo," Kachero alisema. "Nitakuletea mtu."

Mtu wa kwanza aliyemfikiria alikuwa Baba Kibonge. Kopo la maziwa ya mtoto halikai dukani, na mwanamume anayechekwa kazini huweza kuliuza ili ajinunulie marafiki. Wa pili alikuwa dada yake Baba Kibonge, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye tangu kikao cha kwanza alisema hawa ni watoto wawili wanalea mtoto wa tatu. Mtu kama huyo, Kachero aliwaza, akitaka kuthibitisha maneno yake hashindwi kuyasaidia kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alikwenda mchana uleule, saa tisa, siku isiyo yake. Dirisha lilikuwa wazi, na kabla hajabisha alisikia sauti ya mwanamume ikinong'ona ndani.

"Daftari amekuja. Leo siyo Jumanne."

Kachero akasimama pale mlangoni akilizoea jina lake jipya.

Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kila kitu cha kitambaa humo kilikuwa kimekunjwa pembe nne, mpaka matambara ya kushikia sufuria. Mama Kibonge alikuwa amemweka mtoto begani, akimpiga mgongo polepole. Mtoto alikuwa akilia kilio kile cha mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kusikilizwa.

"Shikamoo mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Makopo ya maziwa yako wapi?"

Wakatazamana. Kutazamana huko Kachero alikuandika.

Baba Kibonge alipiga magoti, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Mwezi huo Kachero alikuwa amewaletea makopo manne, kila moja la wiki moja, na alikuwa amejiandaa kukuta mawili yameyeyuka. Hakukuta hivyo. Kopo moja lilikuwa tupu, limeoshwa. La pili lilikuwa na unga kidogo chini. Mawili yalikuwa hayajafunguliwa kabisa. Aliyahesabu mara mbili, maana alikuwa amekuja kumkamata anayepunguza, na sasa hajui amfanye nini anayebakiza.

"Haya mbona hayajaisha?"

"Hayaishi," Baba Kibonge alisema, na kwa sauti yake alikuwa akitoa habari njema. "Tunampa, hayaishi. Maziwa haya yana baraka."

"Yana baraka," Kachero alirudia. "Na mtoto analia kwa ajili ya baraka?"

Mwanamume akaanza kuyarudisha makopo kwenye boksi, lebo zote zikitazama upande mmoja. Kachero akamgeukia Mama Kibonge. Mwanamke yule hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiitazama kalamu.

"Mama Kibonge, mtoto unampa mara ngapi?"

"Kama picha."

"Kila siku?"

"Kama picha," alisema tena, macho bado kwenye kalamu. Kachero akaandika: Mtoto hapewi milo yote. Mama anakwepa maswali.

Jumanne alifika saa moja asubuhi badala ya saa nne, akavuta kiti, akasema leo nipo mpaka jioni. Alitaka kuona milo yote mitano kwa macho yake, na kusema kweli alitaka aone pengo. Pengo halikutokea. Mama Kibonge aliosha mikono, akachemsha maji, akayaacha yapoe, akayajaza mpaka kwenye mstari mwekundu huku ameinama jicho likiwa usawa wa chupa. Alichota unga, akaufuta juu kwa mgongo wa kisu mpaka ukawa sawasawa. Kachero alihesabu naye kimoyomoyo, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hata yeye mwenyewe jikoni kwake hakuwahi kupima kitu kwa makini ya namna hiyo.

Kibonge alikunywa chupa yote kwa pupa, akaendelea kuinyonya ikiwa tupu, na alipoondolewa akalia.

"Muongeze basi," Kachero alisema.

Mama Kibonge akageuka kuitazama kadi. Akayatazama yale majua, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Kachero machoni.

"Jua la pili bado," alisema. Halafu akauliza polepole, "Unanijaribu?"

"Nikujaribu kwa nini?"

"Nikiongeza, utaandika."

Maneno hayo yalimuudhi Kachero. Aliona kwamba mtu asiye na hatia hawezi kuwa na hofu ya kalamu, jambo ambalo angejua si kweli kama angekumbuka siku yoyote ambayo mkuu wake alimwita ofisini. Alikaa mpaka jioni akihesabu chupa. Milo mitano ilikamilika. Alipokuwa akivaa viatu vyake mlangoni, alishapata jibu lake, na lilikuwa jibu baya: wakitazamwa wanalisha, wasipotazamwa hawalishi. Ndiyo maana makopo yalibaki.

Jumatano aliiandika ripoti. Ilikuwa na kurasa tisa na haikuwa na shaka hata moja. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akapiga simu mbili, na kufikia mchana familia ya kulea ilikuwa imepatikana, mke na mume wenye nyumba kubwa na kitanda cha mtoto tayari kimetandikwa. Kulibaki jambo moja dogo. Mkuu alitaka sahihi ya ndugu wa karibu, kuthibitisha kwamba ukoo hauna pingamizi.

"Hilo rahisi," Kachero alisema. "Yupo anayesubiri kwa hamu kuulizwa."

Basi Alhamisi asubuhi akaenda kwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimejaa sare za shule zilizokatwa na hazijashonwa. Fundi mwenyewe alikuwa na tepu ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni, na hakuzitoa zote alipoambiwa mgeni amekuja kwa sababu gani.

"Nisaini kwamba wanamnyima maziwa?"

"Kwamba ukoo hauna pingamizi mtoto akilelewa pengine."

Fundi akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Mama, mimi nilisema niliyoyasema, na sikuyasema chini ya kitanda. Nilisema hawataweza. Lakini kunyimwa maziwa, hapana. Yule kaka yangu hatii kitu mdomoni asubuhi mpaka mtoto amalize chupa. Nimelala pale wiki nzima mwezi uliopita wakati mke wake ana homa. Usiku, mchana, wanampa. Analia, lakini wanampa."

"Unawatetea sasa?"

"Nasema nilichokiona. Wewe umeniita shahidi au umeniita nini?"

Kachero hakumwamini. Alijua watu wanaobadilika dakika ya mwisho, na alikuwa anajiandaa kumwuliza kwa nini leo, kwa nini si mwezi uliopita, wakati mteja alipoingia kutaka vifungo vya shati la mtoto wake. Fundi akashusha kutoka kwenye rafu kopo la manjano alilolichukua tupu kwa kaka yake. Kachero alilitambua. Lilikuwa kopo la maziwa ya mtoto, ya aina ile ambayo ofisi ilikuwa ikigawa kabla ya mwezi uliopita, stoo ilipoishiwa na kuanza kuleta makopo ya kijani. Fundi alitia mkono, akachota vifungo kwa kijiko kilekile cha plastiki kilichokuja na kopo, akavimwaga mezani.

Kachero akakitazama kijiko. Jumanne alikuwa amekaa siku nzima akitazama kijiko kingine.

"Naomba hicho," alisema.

"Vifungo?"

"Kijiko."

Akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa kikubwa, kidole gumba chake kiliingia chote. Kile cha kopo la kijani kingekaa ndani ya hiki mara mbili. Akaligeuza kopo la manjano asome maandishi madogo, herufi ambazo hakuwa amezisoma kwa sababu maziwa ni maziwa: kijiko kimoja kwa mililita sitini za maji. La kijani hakuwa nalo pale. Akaondoka bila kuaga, bila sahihi, akaenda mpaka stoo ya ofisi, akalishika kopo la kijani akalisogeza dirishani penye mwanga. Kijiko kimoja kwa mililita thelathini.

Kwa makopo ya manjano, vijiko vitatu mpaka mstari mwekundu vilitosha. Kwa haya ya kijani vilitakiwa sita. Kibonge alikuwa akinywa nusu ya maziwa na nusu ya maji kwa mwezi mzima, mara tano kwa siku, kwa usahihi ambao hauna mfano, kwa sababu kadi ya ukutani ilisema vitatu na aliyeichora alisema usibadilishe chochote.

Alikaa kwenye boksi la sabuni pale stoo. Kilichomjia kwanza haikuwa huruma, na yeye mwenyewe baadaye alikiri hivyo. Kilichomjia kwanza ni kutafuta nani wa kulaumiwa. Mtunza stoo, aliyebadilisha makopo bila kusema. Watengenezaji, wasiokubaliana hata ukubwa wa kijiko. Halafu akafungua daftari ili apate tarehe ambayo makopo ya kijani yalianza, aijenge kesi yake vizuri, akaikuta tarehe na mwandiko wake chini yake:

Nimekabidhi kopo jipya. Mama anadai kijiko ni kidogo kuliko cha zamani, anaomba aongeze. Nimemkumbusha afuate picha. Uelewa wake wa vipimo bado ni duni.

Akafungua ukurasa wa wiki iliyofuata. Mama amerudia habari ya kijiko. Nimemwonya kuhusu kubadilisha vipimo. Wiki ya tatu hakukuwa na neno kuhusu kijiko. Wiki ya tatu alikuwa ameandika: Mama anakuwa mkimya, anakwepa maswali.

Alizisoma kurasa hizo tatu mpaka akazijua kwa moyo. Ziliandikwa kwa kalamu ya bluu, nadhifu, bila kufutwa popote.

Hakwenda kwa mkuu. Kwanza alikwenda kwa Kibonge, maana huyo hakuwa na la kusubiri. Njiani alipitia kliniki, muuguzi akamwambia waanze leoleo kwa kipimo sahihi na mtoto aletwe Jumatatu apimwe. Mlangoni kwao hakusikia mnong'ono wowote. Mama Kibonge alikuwa peke yake, akimwogesha mtoto kwenye beseni.

"Mama Kibonge, nimekuja na habari ya kijiko. Cha kopo la kijani ni kidogo. Vinatakiwa sita."

Mama Kibonge alimtoa mtoto kwenye maji, akamfunga taulo, akamkausha masikioni, nyuma ya shingo, katikati ya vidole. Alipomaliza ndipo akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mara mbili."

"Mara mbili," Kachero alikubali.

Mwanamke yule hakulia wala hakugomba. Alichukua kopo, akajaza maji, akachota. Baada ya kijiko cha tatu mkono wake ulisimama hewani, akaitazama kadi, akamtazama Kachero, na Kachero aliona kwamba bado anangoja mtego ufyatuke. Kisha akaendelea, cha nne, cha tano, cha sita, akifuta kila kimoja kwa mgongo wa kisu. Kibonge alikunywa, akaiachia chupa mwenyewe, akalala mdomo wazi. Kwa mwezi mzima alikuwa hajaiachia chupa mwenyewe.

Usidhani Kachero aliondoka pale akiwa mtu mwingine. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kuyasema haya kesho bila kuvunjika. Stoo ilibadilisha makopo, kadi haikubadilishwa, kasoro imegunduliwa, kasoro imerekebishwa. Yote ni kweli tupu. Hakuna mtu angelazimika kufungua daftari, na mtoto angebaki kwao. Alijiambia kwamba muhimu ni mtoto kubaki.

Ijumaa saa nne walikaa, mkuu kichwani pa meza, muuguzi, fundi cherehani, na wazazi wawili upande mmoja wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Shati la Baba Kibonge lilikuwa na mistari ya kukunjwa iliyonyooka kama rula. Mtoto alikuwa amelala mapajani pa mama yake. Nje, dereva wa ofisi alikuwa ameliegesha gari kivulini, na Mama Kibonge alikuwa ameliona wakati wa kuingia, maana alikaa karibu na dirisha na hakuacha kulitazama.

Kachero alisimama akaitengua ripoti yake mwenyewe. Alieleza makopo ya manjano na ya kijani, akaviweka vijiko viwili mezani. Muuguzi alivishika, akavilinganisha, akaguna. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ameishika pamoja mbele yake.

"Nashukuru kwa ufafanuzi," alisema. "Stoo nitazungumza nayo. Lakini suala la msingi linabaki palepale, tena naona limezidi. Kijiko kimepungua nusu. Nusu nzima. Mtoto analia mwezi mzima, na mama anaendelea kuhesabu vitatu. Leo ni kijiko. Kesho itakuwa dawa ya homa, au jiko. Mama ambaye hawezi kuona kitu kikubwa kama hiki, nitamwachaje na mtoto?"

Mama Kibonge aliyafuata maneno hayo kwa midomo, moja baada ya jingine. Alipofika mwisho alimkumbatia mtoto karibu zaidi, akamtazama mumewe, na Baba Kibonge akaweka kiganja chake juu ya goti la mkewe na kukiacha hapo. Wala hawakujitetea. Walikuwa wamekaa kwenye vyumba vya namna hii tangu utotoni, na walishajifunza kwamba humo watu hawaulizi ili wajibiwe.

Fundi cherehani alifungua mdomo. Kachero akamtangulia.

"Aliona," alisema.

"Nani?"

"Mama Kibonge. Aliona siku ya kwanza."

Akafungua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, mpaka kwenye neno duni. Alisoma wa pili. Alisoma na ule wa tatu, ingawa angeweza kuuacha. Alisoma kwa sauti yake ya kawaida ya kusomea ripoti, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Muuguzi alikuwa ameinamia kadi ya kliniki kana kwamba kuna kipya pale.

"Subiri kidogo," mkuu alisema. "Una uzoefu kuliko mtu yeyote kwenye ofisi hii. Mama anakuambia kijiko kimepungua. Ulichotakiwa kufanya ni kukitazama tu, sekunde moja. Kwa nini hukukitazama?"

Majibu yalikuwepo, na Kachero aliyapitia yote akiwa amesimama. Kazi nyingi. Nyumba kumi na nne kwa wiki. Utaratibu wa kadi, ambao mkuu mwenyewe aliusifu mbele ya watu. Kila moja lilikuwa jibu ambalo yeye, Kachero, angelisikia kwa mtu mwingine angelinusa na kulitupa.

"Kwa sababu aliyesema ni yeye," alisema. "Ungesema wewe, ningekitazama. Angesema huyu fundi, ningekitazama."

Akaketi. Mkuu aliiondoa miwani yake, akaifuta, hakuivaa. Kisha akasema kwamba mtoto atabaki kwao, uzito utapimwa kila Jumatatu, kadi zote kumi na moja zitapitiwa upya, na suala la afisa litazungumzwa faraghani. Akamtuma karani amwambie dereva aliondoe gari. Baba Kibonge akamwinamia mkewe akauliza kwa sauti ya chini kama wameshinda, na mkewe akasema hajui, lakini gari linaondoka.

Kachero aliwakuta kwenye ngazi. Alitaka kusema samahani na aliisema, neno moja tu, bila la kulisindikiza. Mama Kibonge alilisikiliza, akalitafakari, wala hakusema haina shida, kwa sababu ilikuwa na shida.

"Jumanne unakuja?" Baba Kibonge aliuliza.

"Mnataka nije?"

Akamtazama mkewe. Mama Kibonge alimhamisha mtoto bega la pili, akautazama mkoba wa Kachero, mahali lilipo daftari, kisha akamtazama usoni kwa utulivu.

"Tutakujulisha," alisema, wakashuka ngazi.